Neno la Kuagia

Watu wengi hutumia maneno jinsi wanavyokula ugali: hawaulizi mahindi yalilimwa shamba gani. Zachary Khisa hakuwa mtu wa namna hiyo. Miaka sabini na tatu, meno ya kuhesabika, kazi yake kuanika mahindi juu ya turubai nje ya maghala ya Kitale, lakini neno likimwingia kichwani lazima alikamate, alitazame usoni, alijue ukoo wake.

Shule aliipata vipandevipande. Darasa la kwanza na la pili kwao Matulo, la tatu likampita akichunga ng'ombe, la nne akalionja muhula mmoja kwa mjomba wake Kimilili, kisha barabara ikamwita na madaftari yakabaki huko huko. Uzeeni ndipo akaingia kisomo cha ngumbaru, akabanana na akina mama wa sokoni kwenye madawati ya watoto, na huko ndiko alikoambukizwa ugonjwa wa kufungua kamusi. Akajua kwamba Waingereza walichukua kahawa kwa Waarabu, kinywaji pamoja na jina lake. Akajua kwamba chakula chao cha asubuhi jina lake ni kuvunja mfungo, kama sisi tunavyofungua kinywa. Vibarua wenzake walimwita Profesa, na hawakuwa wanamsifu.

Lakini neno lililomshika kuliko yote lilikuwa fupi, herufi tatu tu: b, y, e. Bai. Neno ambalo hata mtoto asiyejua kupenga kamasi hulijua, akibebwa mgongoni anapunga kimkono na kulitamka.

Aliyemfungulia neno hilo ni Gathii, Mkikuyu mmoja mwenye kibanda cha vitabu vikuukuu nyuma ya steji ya matatu. Ilikuwa miaka sita iliyopita, mchana wa mvua, kazi ya kuanika imesimama. Gathii alikuwa amepata kamusi nene iliyong'oka jalada, ile aina inayoeleza kila neno lilizaliwa wapi, na Khisa alikuwa hana la kufanya isipokuwa kumsumbua.

"Nitafutie bai," alisema.

"Bai? Mzee, hiyo unahitaji kamusi ya nini? Ni bai tu."

"Tafuta."

Gathii alilamba kidole, akageuza kurasa, akasoma kimya midomo ikicheza. "Haya. Bai ni kifupi cha gudbai. Na gudbai nayo, ngoja kwanza, zamani haikuwa neno moja. Ilikuwa maneno manne ya Kizungu. Ati Mungu awe nanyi. Watu wakawa na haraka, wakaibana, wakaibana. Ile 'God' yao, Mungu, ikageuka 'good', njema, juu walikuwa wamezoea kusema siku njema, usiku mwema. Mwishowe wakachoka hata na hiyo njema. Ikabaki bai."

"Rudia."

"Sitaki kurudia, nataka ununue kitabu."

"Rudia, Gathii, nakuomba."

Gathii alirudia. Khisa alijikalisha polepole juu ya rundo la magazeti, kofia mkononi, kama mtu aliyeletewa barua.

"Kwa hivyo mtu akisema bai, amesema Mungu awe nawe."

"Alikuwa anasema hivyo. Siku hizi Mungu ameshakatwa, kumebaki mkia." Gathii alicheka. "Ni kama ng'ombe ameenda, wewe umebaki umeshika kamba."

"Lakini neno linajua lilikotoka."

"Neno halijui kitu, mzee. Watu ndio wanajua. Na wengi hawajui."

Khisa alikuwa ameshaondoka pale kibandani, hayupo na Gathii tena, yuko Matulo, mwaka wa tisini na nne.

Mwaka huo Khisa alimwacha mke wake. Jina lake Nangila, na walikuwa na mtoto mmoja, Sellah, wa miaka saba. Hawakugombana. Hakukuwa na mwanamke mwingine, si wakati huo. Miguu ilimwasha tu, kama ilivyomwasha tangu utotoni, na siku moja aliitii. Akaenda Kitale, akaenda mji mdogo wa Kwanza, akapasua mbao Mlima Elgon, akalinda ng'ombe wa watu Kapenguria, akarudi Kitale. Mwenda bure si mkaa bure, hujifariji wenye miguu ya aina hiyo. Mwaka wa kwanza alisema atarudi mavuno yakiisha. Mwaka wa tatu aliona haya. Mwaka wa kumi haya ikawa ukuta, na nyuma ya ukuta huo akazeeka.

Kitu kimoja tu alikuwa amebaki nacho cha kujitetea. Alikumbuka kwamba hakutoroka. Alikumbuka amesimama kwenye njia ya kutokea, begi begani. Nangila ameketi juu ya kigoda, kitambaa cha samawati kichwani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Khisa akainua mkono, akasema kwa madaha ya mtu aliyeanza kuonja mji, "Bai!" Na Nangila akainua uso, akacheka. Hiyo ndiyo picha aliyotembea nayo. Alisema neno. Kwao, mtu akiondoka na neno, hata akikawia, hajatoroka: amechelewa. Anayeondoka kimya ndiye mtoro, na mtoro hana kigoda cha kurudia.

Sasa Gathii alikuwa amemwambia kwamba neno lenyewe halikuwa upuuzi. Bila kujua, siku ile alimkabidhi mkewe kwa Mungu. Khisa alirudi kwenye turubai zake, na tangu siku hiyo, akivuta reki juu ya mahindi kwenda na kurudi, midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akipanga jinsi atakavyomweleza. Nangila akisema, "Ndiyo, nakumbuka," basi. Hakutaka shamba wala kupikiwa. Alitaka tu mtu mmoja duniani aseme kwamba yeye Khisa aliaga. Akishasikia hivyo ataomba kigoda, na labda atapewa.

Kupanga kulimchukua miaka sita. Ukuta ulikuwa bado mrefu.

Aliyeubomoa ni Wamalwa, mfanyabiashara wa kutoka Webuye aliyeleta magunia arobaini yakakataliwa kwa unyevu. Alisimama juu ya turubai akimlaumu kila mtu, kisha akamkazia macho yule mzee mwenye reki.

"Wewe si Khisa? Khisa wa Matulo?"

Khisa alitamani kukataa. "Ndiye."

"Bana! Si tulisema ulikufa? Hata kanisani ulishaombewa ukaisha." Wamalwa alimshika mkono, akautikisa, halafu sauti ikashuka. "Basi umesikia Mama Sellah ako hospitali Bungoma? Wiki ya pili sasa. Ni figo. Wanasema... aah, wewe nenda tu umwone, mzee. Nenda wiki hii."

Gathii alipoambiwa alifunga kibanda kabla ya saa, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya uchaguzi. Alimpa Khisa shati la mikono mirefu, lake mwenyewe.

"Utambebea nini?"

"Neno."

"Mzee, wacha mchezo. Mgonjwa hali neno. Beba maziwa, beba machungwa."

"Nitabeba na machungwa."

"Na ukifika usianze na hizo hadithi za kamusi. Anza na pole. Pole, pole, halafu unyamaze. Ukiulizwa ndio unajibu."

Ushauri ulikuwa mzuri. Tatizo la ushauri mzuri ni kwamba hupewa mtu ambaye ameshaamua.

Alipata nafasi kwenye lori la mahindi lililokuwa likienda Bungoma asubuhi, dereva wake Kipruto, kijana mcheshi asiyeweza kukaa kimya hata gari likipanda mlima.

"Unaenda kuona nani, mzee?"

"Mke wangu. Amelazwa."

"Pole sana. Ulimwona mwisho lini?"

"Tisini na nne."

Kipruto alimtazama, akatazama barabara, akamtazama tena. "Tisini na nne ya namba ya kitanda ama ya mwaka?"

"Ya mwaka."

"Mzee," Kipruto alisema, "mimi mwaka huo nilikuwa sijazaliwa. Saa hii niko na watoto wawili."

Baada ya hapo hata yeye alinyamaza. Walipopita Webuye, wakaikaribia Matulo, Khisa aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu ndani ya mfuko wa machungwa. Alipoinua uso, Matulo ilikuwa imeshapita.

Wodi ya wanawake ilikuwa ndefu, vitanda pande mbili, harufu ya dawa ya sakafu ikipigana na harufu ya uji. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa. Khisa alipita kitanda baada ya kitanda akitafuta uso wa mwanamke wa miaka thelathini na nane, maana huo ndio aliouacha. Hakuuona. Alichokiona ni mwanamke mnene wa makamo, amevaa leso kiunoni, anamkanda miguu ajuza mmoja aliyevimba, na paji la uso la huyo mwanamke mnene lilikuwa paji la mama yake Khisa mwenyewe.

Alisimama. Mwanamke akageuka.

"Karibu, mzee. Wewe ni wa kanisa gani?"

"Si wa kanisa."

"Oh. Nilifikiri umekuja kuomba." Alifuta mikono, akavuta kiti cha plastiki. "Basi ni nani?"

Maneno yote aliyoyakusanya maisha yake hayakumsaidia kupata jibu fupi. "Sellah," alisema. "Mimi ni baba yako."

Sellah hakupiga kelele. Alimtazama kuanzia viatu, akapanda, akaenda mpaka kofia, akarudi viatuni. Kisha akakisukuma kile kiti kwa mguu, nusu hatua mbali na kitanda.

"Keti hapo basi. Usikae kwa kitanda."

Ajuza alikuwa amefumbua macho. Uso ulikuwa umejaa maji na macho yamezama, lakini sauti ilitoka vizuri, sauti ile ile, imekwaruzika kidogo tu.

"Sellah, ni nani?"

Khisa akajibu mwenyewe. "Ni mimi, Mama Sellah."

Nangila alimtazama muda mrefu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa, akaacha, akakohoa tena.

"Baba Sellah," Nangila alisema hatimaye, kama mtu anayesoma jina kwenye orodha. "Umezeeka vibaya. Sellah, huyu mtu amekula?"

"Mama!"

"Ametoka mbali. Mpatie chai, iko kwa chupa."

Sellah alimimina chai, akampa bila kumtazama. Khisa alikunywa. Ilikuwa na tangawizi na ilimchoma koo, na akaona kwamba kuulizwa kama amekula ni dalili njema. Alisema pole mara tatu, kama Gathii alivyomfunza. Kisha, badala ya kunyamaza, akaanza.

"Mama Sellah, kuna kitu nimekubebea miaka mingi."

"Nitakiweka wapi?" Nangila alisema. "Si unaona mahali niko."

"Si kitu cha kuweka. Ni neno." Alisogeza kiti mbele, akaona jicho la Sellah, akakirudisha. "Siku ile niliondoka, nilikuaga. Watu wanaweza kusema nilitoroka, lakini mimi na wewe tunajua. Nilisema bai. Sasa hiyo bai watu wanaichezea tu, hawajui. Nimesoma kwa kitabu. Zamani ilikuwa Mungu awe nawe. Iko ndani, imefupishwa tu. Kwa hivyo siku hiyo sikukuacha hivi hivi. Nilikuacha na Mungu."

Sellah alicheka, kicheko kifupi kikavu. "Alikuwa na sisi kweli. Wewe ndiye hukuwa."

"Sellah, wacha amalize," mama yake alisema. Alikuwa amekunja uso, si kwa hasira, ni kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. "Unasema uliniaga?"

"Nilikuaga."

"Nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umekaa nje, juu ya kigoda." Khisa alichangamka. Hapa ndipo alipotaka kufika. Hii sehemu aliijua kuliko kiganja chake. "Ulikuwa umefunga kitambaa cha samawati. Ungo uko mapajani, unachambua maharagwe. Naona hata sasa. Yale meusi, yenye mstari mweupe kwa mgongo. Nikainua mkono, nikasema bai, nawe ukacheka."

Nangila akajaribu kujiinua, Sellah akamshika bega.

"Meusi?"

"Meusi, ndiyo."

"Yenye mstari mweupe." Nangila alimgeukia binti yake. "Sellah, hiyo si njahi?"

"Ni njahi, mama."

"Njahi ni chakula ya Wakikuyu," Nangila alisema polepole. "Mimi tangu nizaliwe sijapanda njahi. Sijapika. Pale kwetu Matulo hata mbegu yake hakuna. Tulikuwa na haya maharagwe mekundu tu, na kunde."

Khisa aliweka kikombe chini.

"Na sikuwa nje," Nangila aliendelea, bila ukali, akieleza tu ili jambo likae sawa. "Siku hiyo nilienda kusaga. Mashine yetu ilikuwa imeharibika nikatembea mpaka Webuye. Nilirudi jua limeshuka, unga kwa kichwa, nikapata mlango umefungwa na kamba, mtoto amekaa kwa ngazi. Nikamuuliza baba ako wapi. Akasema ameenda na redio."

"Nilikuwa hapo," Sellah alisema. Alikuwa akikunja kitambaa cha kukandia, mara mbili, mara nne, mara nane. "Ulikuwa unatafuta betri. Ulinipata nimekufuata mlangoni. Nikakuuliza, papa, unaenda wapi? Ukasema, nyamaza, nakuja. Hiyo tu. Bai hakuna. Ningekumbuka, juu nilikaa kwa hiyo ngazi siku nyingi nikingojea mpaka watu wa nyumbani wakanitoa na viboko."

Kuna kuumbuka mbele ya watu, na kuna kuumbuka mbele ya kichwa chako mwenyewe, na hili la pili halina pa kujificha. Khisa aliitazama ile picha yake, na ile picha ikaanza kumgeukia. Kigoda kilikuwa kile kile. Ungo ule ule. Lakini nyuma ya ungo kulikuwa na ukuta wa mabanzi, si wa udongo, na nyuma ya ukuta mibuni michache na tangi la maji. Hapo si Matulo, ni Kwanza. Kitambaa cha samawati kilikuwa cha Wangechi. Wangechi wa Kwanza, mjane aliyemkaribisha akaishi naye miaka minne, aliyemfundisha kula njahi, na ambaye yeye Khisa alimwacha vile vile, asubuhi moja, kwa kusema anaenda sokoni. "Bai!" alisema, na Wangechi akainua uso akacheka, akamwambia asisahau chumvi.

Neno lilisemwa kweli. Lilisemwa kwa uongo, kwa mwanamke mwingine, na huyo mwanamke alizikwa mwaka wa korona. Na Nangila, ambaye kwa ajili yake neno hilo lilikuwa limechimbuliwa mpaka mizizi, hakupewa kitu. Hata mkia wake.

"Alikuwa nani?" Nangila aliuliza.

"Anaitwa Wangechi."

"Ako hai?"

"Hapana."

"Basi hiyo neno ilikuwa yake." Alilala tena, akavuta pumzi kwa shida. "Asiyekuwepo na lake halipo, Baba Sellah. Mimi sikuwepo."

Sellah alikuwa amemgeuzia mgongo. Khisa angeweza kuondoka wakati huo, na ingekuwa afadhali. Lakini mtu aliyepoteza kila kitu hung'ang'ania hata mfupa.

"Basi wacha nikuage sasa," alisema. Alisimama, kofia kifuani. "Nikulipe. Nikuage vizuri, kwa maneno yote manne, si hiyo fupi. Mama Sellah, Mungu..."

"Wewe!" Sellah aligeuka kama aliyeumwa na siafu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliinua vichwa. "Unataka kumuaga mama yangu? Hapa? Akiwa amelala hivi? Umesahau kwenu hata hiyo?"

Alikuwa amesahau. Mtu akitanga miaka thelathini husahau mambo ambayo hata wajinga wa kijijini kwao wanayajua. Kwao mgonjwa haagwi. Ukimuaga mgonjwa umemkabidhi. Umeonyesha kaburi njia ya kupitia. Hata matangani, ukiondoka, huagi mtu: unachukua fimbo yako unaenda, usije ukawa unaita mwingine amfuate marehemu. Nangila akiwa mzima angeweza kuagwa, na hakuagwa. Akiwa mgonjwa haruhusiwi kuagwa. Akifa haagwi. Khisa alihesabu milango hiyo akaona yote imefungwa, na hakufunga mwingine ila yeye.

"Samahani," alisema. "Sikuwa na nia mbaya."

"Hujawahi kuwa na nia," Sellah alisema. "Hiyo ndiyo shida yako. Ungekuwa na mbaya hata, tungejua pa kuanzia."

Kengele ya saa ya wageni ililia. Kote wodini watu walianza kuinuka, wakikusanya vikapu na vikombe, na kila mmoja aliinama juu ya mtu wake akasema lile linalosemwa kwa mgonjwa, kwa sababu ndilo pekee linaloruhusiwa. Tutarudi. Nitakuja kesho. Tutaonana jioni, mama. Hakuna aliyesema kwaheri. Hakuna aliyesema bai, hata wale wasichana wawili wa mjini wenye simu mikononi. Nitarudi, nitarudi, lilisikika kutoka kitanda hadi kitanda, mpaka likafika pale na kusimama mbele ya Khisa likimngojea.

Alijua ndilo alilopaswa kusema. Adabu ilimtaka aseme hivyo hivyo, hata mgeni wa mara moja husema. Akainama kidogo.

"Mama Sellah, nita..."

"Hapana," Nangila alisema. Alikuwa amefumba macho. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka, na sauti yake ilikuwa ile ya mama anayemzuia mtoto asimwage maziwa. "Hiyo nayo usiseme. Ulishaimaliza kwa mtoto pale mlangoni. Wewe toka tu, Baba Sellah. Toka vile unajua."

Mlangoni kundi la wanawake wa kanisa lilikuwa limeruhusiwa na muuguzi liingie dakika tano, leso za rangi moja, Biblia kwapani. Khisa alisimama akiwatazama wakija kati ya vitanda, akitafuta kichwani. Kamusi nzima ilikuwa mle, Kiingereza, Kiswahili, Kibukusu. Hakupata neno hata moja. Aliweka machungwa juu ya kabati dogo la kando, akavaa kofia, akaanza kutembea. Wale wanawake walimpisha kwa heshima, wakidhani ni mzee wa kijiji.

"Mzima, mama?" mmoja wao alisema nyuma yake. "Huyo alikuwa nani?"

Khisa alipunguza mwendo. Hakugeuka, lakini alipunguza mwendo.

"Amekosea kitanda," Sellah alisema. "Ketini. Hicho kiti hakina mtu."